Ufa wa Ukuta na Garanti ya Mpangaji



 



Ijumaa ya leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo mno kwa karatasi hii: msumari ukutani, kioo kilichopasuka, serire iliyolegea, na makuta ambayo mwenye nyumba anayakata katika garanti ya mpangaji siku ya kuhama. Lakini mashtaka ya namna hii ndiyo yanayotufikia msikitini mara nyingi kuliko mashtaka ya mirathi. Tena watu wanaokuja nayo ni wale wale waliosimama bega kwa bega katika safu.

Siku yenyewe mnaijua. Godoro liko nje, masufuria yamefungwa katika shuka, mtoto amekamata kuku, na mtu wa pikipiki anasubiri. Mwenye nyumba anaingia ndani peke yake, na anakaa humo muda mrefu kuliko siku aliyokuja kuonyesha nyumba. Anatoka akihesabu kwa vidole.

«Mama, na dirisha hili?»

«Papa bayeri, tulilikuta hivyo.»

«Mimi sikukupa nyumba ya dirisha lililovunjika.»

«Papa, siku ile ulisema utaleta fundi.»

Hakuna karatasi. Hakuna shahidi. Kuna dola tisini za garanti, na kwa yule mama hizo si akiba. Ndizo garanti ya nyumba anayokwenda. Bayeri wa kule, tuseme Mudaka au Bagira, hatamfungulia mlango mpaka azione. Ukimkatia thelathini kwa kioo kimoja, unamfungia mlango ambao wala si wako, na saa hizo vitu vyake viko njiani na mawingu yanashuka kutoka Kahuzi.

Hatuulizi hapa nani mkorofi, mwenye nyumba au mpangaji. Kila upande una wakorofi wake na una wachamungu wake. Tunauliza hivi: kitu cha mtu kikipungua mkononi mwangu, nadaiwa kiasi gani? Na ni nani mwenye haki ya kukitaja kiasi hicho?

Sehemu ya kwanza wanazuoni wameijibu zamani. Nyumba ya kupanga ni amana mkononi mwa mpangaji. Hukumu yake si ya kitu cha kuazima. Mtume (S.A.W.) alipoazima deraya za Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn, alizichukua kwa dhamana, na zilipopotea baadhi alitaka kuzilipa. Mwazimaji hufaidi bure, basi na hatari ni yake. Mpangaji hafaidi bure. Analipa kila mwezi, na anacholipia ni matumizi, na matumizi huchakaza. Sakafu ya simenti iliyolika mlangoni kwa miguu ya watu sita kwa miaka mitano si deni la mtu yeyote. Imekwisha kulipwa mara sitini. Mpangaji hudaiwa akivuka mpaka, au akizembea. Nje ya mawili hayo hana deni.

Sasa mpaka uko wapi? Hapa ndipo watu wanapogombana, na hapa inafaa kutumia akili wala si sauti. Mtu aliyepangishwa chumba kimoja kisicho na jiko, na bayeri akamwona siku ya kwanza akiingia na mbabula, amepewa ruhusa ya moshi. Asiambiwe baada ya miaka mitatu kwamba ameharibu rangi. Mtu aliyepigilia misumari miwili ya kufungia chandarua amekaa kama watu wanavyokaa. Lakini aliyetoboa ukuta wa udongo ili apitishe waya wa jirani bila kuuliza, huyo amevuka. Na aliyefuga mbuzi ndani ya chumba cha mbao mpaka mbao zikaoza kwa mkojo, huyo hahitaji hata mufti.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria (1277), alitaja mambo haya katika kitabu chake Minhaj, ambacho wenye kusoma chuoni wanakijua. Yeye alikuwa mtu wa Sham, na huko theluji huanguka. Akagawa kazi: theluji ya juu ya paa ni juu ya mwenye nyumba, theluji ya uani pamoja na takataka ni juu ya mpangaji. Sisi huku tunaona ukungu na mvua ya mawe tu, theluji hatuijui, lakini weka mvua mahali pa theluji na hukumu inasimama vile vile. Bati na nguzo ni vya mwenye nyumba. Kufagia na kuzibua mfereji ni kwa mpangaji. Bati likivuja, mwenye nyumba asilete hesabu ya dari iliyooza. Ila kama mpangaji aliona maji yanadondoka tangu mwezi wa tisa, akasogeza kitanda, akanyamaza mpaka mwezi wa tano, basi sehemu ya uozo ule ni yake. Mwenye amana huwa na kinywa cha kutoa habari, na mpangaji amekalia amana.

Tuje kwenye kiasi. Ipo hadithi aliyoisimulia Anas (R.A.) na kuipokea Bukhari, na naiona ndiyo mizani ya suala hili zima. Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake. Mke mwingine akatuma sahani ya chakula kwa mkono wa mtumishi. Mwenye nyumba ile akashikwa na wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka ikapasuka. Mtume (S.A.W.) akaokota vipande, akakusanya chakula, akawaambia waliokuwepo kwamba mama yao ameona wivu. Kisha akamzuia mtumishi asiondoke mpaka ikaletwa sahani nzima kutoka nyumba ile ile, akaipeleka kwa aliyevunjiwa. Iliyovunjika ikabaki pale ilipovunjikia.

Itazameni vizuri hukumu ile. Aliyevunja alilipa. Hakuachiwa kwa sababu ni mke wa Mtume, wala kwa sababu kitu ni kidogo. Lakini alilipa sahani kwa sahani, hakulipa sahani mbili, wala hakulipa sahani pamoja na usumbufu. Hakutukanwa mbele ya wageni. Na jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama: vipande vilibaki kwa aliyevilipia. Kuna wenye nyumba wanaomtoza mtu bei ya mlango mpya, halafu mlango wa zamani wanaupiga misumari miwili na kumkabidhi mpangaji anayefuata. Huyo amelipwa mlango na amebaki na mlango. Na yule anayefuata akihama, mlango ule ule utalipwa tena! Nyumba nyingine zina serire iliyokwisha kununuliwa na wapangaji watatu, na bado ni ile ile ya mwanzo.

Sahani ile ilikuwa nzima, ndiyo maana ikalipwa nzima. Kitu kikuukuu hakilipwi kwa bei ya kipya. Tuseme rangi ya chumba iligharimu dola arobaini, na kwa kawaida hukaa miaka minne. Mtoto wa mpangaji akaichora kwa makaa baada ya miaka mitatu. Mwenye nyumba amepoteza mwaka mmoja wa rangi, yaani dola kumi. Akidai arobaini, thelathini zile ni mali ya nani? Rangi mpya angeipaka mwakani hata kama mtoto yule asingezaliwa.

Na fundi asiwe wa upande mmoja. Tunasoma katika Suratul Anbiyaa habari ya kondoo walioingia usiku katika shamba la watu, na hukumu ya Nabii Daud na Nabii Sulayman, amani iwe juu yao. Wafasiri wameeleza kwamba Daud aliona kondoo wapewe mwenye shamba. Sulayman akaona njia nyingine: mwenye kondoo alitengeneze shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, na mwenye shamba atumie maziwa na sufi kwa muda huo, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Basi mpangaji akisema, «Papa, niache nitengeneze mimi mwenyewe, nitaleta fundi kesho,» kwa nini unakataa? Kioo kikirudi, haki yako imerudi. Anayekataa kioo na kung'ang'ania pesa ya kioo anatufanya tujiulize alikuwa anatafuta nini.

Nyufa zina habari yake peke yake katika nchi hii. Tarehe 3 mwezi wa pili 2008, siku ya Jumapili asubuhi, ardhi ilitetemeka, watu wakafa huku kwetu na ng'ambo ya Rusizi, na nyumba nyingi za matofari zikapasuka. Mwezi wa nane 2015 ikatetemeka tena. Tena baadhi ya udongo wa Bukavu unateleza wenyewe, nyumba inapasuka bila mtu kuigusa. Ufa wa namna hiyo ni wa qadari, na gharama yake ni ya mwenye mali. Hata sheria ya mikataba ya nchi, inayotoka katika dikrii ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, inamtoa mpangaji katika uharibifu wa uzee wa kitu na wa nguvu isiyozuilika. Wazungu walioiandika hawakusoma Minhaj, lakini hapa wanakubaliana nayo.

Sasa nifike mahali ambapo kidonda kipo. Mwenye nyumba katika kesi hii ni mdai, ni mthamini, ni hakimu, na ndiye aliyeshika pesa. Mamlaka manne kwa mtu mmoja! Katika dini yetu ushahidi huletwa na anayedai, na aliyeaminiwa husadikiwa pamoja na kiapo chake. Kwa hiyo mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba dirisha lilikuwa zima. Kwa desturi ya hapa tumeligeuza: mpangaji ndiye anayeambiwa athibitishe kwamba lilikuwa limevunjika, na asipoweza, amekwisha kukatwa.

Tena tuseme ukweli wa mji wetu. Mara nyingi garanti haipo. Siku ilipoingia ilinunua mabati ya chumba cha pili, au ililipa shule, au ilimtibu mgonjwa. Mpangaji anaposema, «Mwezi ujao nahama,» mwenye nyumba hasikii habari ya kuhama, anasikia kudaiwa. Na mtu anayedaiwa asichokuwa nacho huanza kutafuta deni la mwenzake. Ndipo msumari uliokaa ukutani miaka minne bila kumuudhi mtu unapoonekana. Kesi nyingi tunazoletewa za kioo na rangi, ukizichimba, hazina kioo wala rangi ndani yake. Zina garanti iliyoliwa.

Ewe ndugu mwenye nyumba, ukiila garanti kwa ridhaa ya mpangaji, imetoka katika amana na imekuwa deni shingoni mwako. Deni si aibu. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara ameamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Mlango huo uko wazi kwako: mwite mpangaji kabla ya siku ya kuhama, mwambie, «Mama, sinazo zote, nitakupa nusu leo na nusu mpangaji mpya akiingia.» Atanung'unika, ana haki ya kunung'unika, lakini mtakuwa watu wawili wanaosema ukweli. Ukitunga uharibifu ili usidaiwe, umeufunga mlango wa rehema kwa mkono wako, na umefungua mwingine.

Suratul Mutaffifin inawataja wanaopima kikamilifu wanapopokea, na wanaopunguza wanapowapimia wengine. Tumezoea kuisoma kwa ajili ya wauza maharage na unga. Lakini lipo jicho linalopunja vile vile. Siku ya kupangisha, mlango usiofunga ni «kitu kidogo, utazoea». Siku ya kuhama, mlango ule ule ni «umeniharibia nyumba». Jicho ni moja, mlango ni mmoja, kilichobadilika ni upande ambao pesa inaelekea.

Na mpangaji asitabasamu hapo alipokaa, kwa sababu jicho hilo analo na yeye. Siku ya kuingia aliona kila tundu ili apunguziwe kodi, na siku ya kutoka amekuwa kipofu. Wako wanaohama usiku. Wako wanaofungua serire, balbu na hata bawaba wakaenda navyo, wakaacha fakture ya SNEL ya miezi minne. Wako wanaoacha kulipa miezi mitatu ya mwisho wakisema wanamaliza garanti, bila kumuuliza mwenyewe, na wakiondoka wanaacha choo kimeziba na hakuna hata franga ya kukizibulia. Garanti haikuwekwa iwe kodi ya miezi ya mwisho. Ukitaka iwe hivyo, kubalianeni. Na msidhani kila bayeri ni tajiri wa Nguba. Miti hii wako wajane ambao chumba kimoja cha mbao ndicho pensheni yao, na wako walimu wa zamani wanaokula kwa kodi hiyo. Ukimvunjia kioo mtu kama huyo ukanyamaza, ukakibandika karatasi ili asione, umekula sahani yake ya jioni.

Sheria ya nchi namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 imeweka kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu, na inataka hali ya nyumba iandikwe wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Wengi hawaijui, na wanaoijua hawaifuati. Lakini sisi aya ndefu kuliko zote katika Kitabu chetu inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, basi hatukuhitaji kungoja mwaka 2015. Ingieni wote wawili mchana, siyo jioni kwa taa ya simu. Hesabuni vioo, funguo, bati zinazovuja, nyufa. Andikeni, kila mmoja abaki na karatasi yake. Simu zinapiga picha, pigeni picha za kuta pia, si za harusi tu. Na siku ya kutoka aitwe mtu wa tatu, fundi ambaye si shemeji wa yeyote, au mzee wa avenyi, naye aseme bei.

Kama hapakuandikwa kitu na kila mmoja anashikilia neno lake, ipo hadithi ya Ummu Salama (R.A.). Watu wawili waligombania mirathi ya zamani na hawakuwa na ushahidi. Mtume (S.A.W.) akawaonya kwamba yeye ni binadamu, anahukumu kwa anachokisikia, na atakayepewa haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Wakalia wote wawili, kila mmoja akasema haki yake ni ya mwenzake. Akawaambia wagawane, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenziwe. Hakuwaambia mwenye sauti kubwa achukue zote. Dola thelathini za kioo zinagawanyika.

Limebaki jambo ambalo watu kadhaa wametuuliza. Mwezi wa pili 2025, vita ilipofika Kavumu na kisha Bukavu, wapangaji wengi waliondoka na mtoto mgongoni na ufunguo mfukoni. Waporaji wakavunja milango. Wengine hawajarudi, na hawajulikani kama wako Burundi, Uvira au wapi. Mwenye nyumba ameweka mlango mpya kwa pesa yake, na garanti ya aliyekimbia iko mkononi mwake. Je, aukate mlango humo?

Jibu letu ni kwamba mpangaji hakuuvunja mlango ule, wala hakuzembea. Mtu anayekimbia risasi hasimami kutafuta kufuli. Mlango ni wa mwenye nyumba. Kodi ya miezi ambayo nyumba ilibaki na vitu vya mpangaji ni mazungumzo mengine, na iangaliwe na watu wawili waadilifu, si na mdai peke yake. Kinachobaki ni amana kama haijaliwa, na ni deni kama imeliwa. Kutokuwepo kwa mwenyewe hakukiondoi, na benki kufungwa hakukiondoi. Chukua karatasi leo baada ya swala. Andika jina lake, kiasi alichotoa na tarehe, kilichokatwa kama kipo, na sababu yake. Weka mashahidi wawili, wamjue kwa sura yule aliyeondoka au wajue jamaa zake. Kisha mwonyeshe mkeo na mtoto wako mkubwa mahali karatasi ilipo, maana huenda siku mtu yule, au mwanawe, atakapobisha hodi, wewe usiwepo wa kumfungulia.